Muujiza Hauna Bei: Namna ya Kuandika Fantasia Kutokana na Visa vya Dini

Hadithi nyingi za aina hii hufia ukurasa wa tatu. Mwandishi amemchukua nabii, akambadilisha jina, akamvisha joho na kumpa fimbo inayotoa moto. Adui anakuja, fimbo inazungushwa, adui kwisha. Msomaji anafunga kitabu, na wala hakukwazwa kidini. Amechoka tu, maana hakuna aliyepoteza kitu. Katika maandiko fimbo ya Musa haina bei kwa sababu anayetenda si Musa. Ukishaihamishia kwenye ulimwengu wa uganga, nguvu imekuja mkononi mwa binadamu, na nguvu ya binadamu lazima ilipiwe. Kazi yote iko hapo: kuitafuta bei na kuamua nani ailipe. Mwongozo huu ni kwa anayeandikia Arusha au Moshi, mwenye daftari, saa mbili kwa siku na subira ya miezi mitatu hivi.

Kuchagua kisa

Kwa mara ya kwanza chukua kisa kifupi chenye pengo. Kifupi maana yake kisizidi sura 4 za Biblia, au kurasa mbili tatu za msahafu. Pengo ni mahali ambapo maandiko yamenyamaza na msomaji hubaki akijiuliza.

Mwanamke wa Endori, 1 Samweli 28, ni mfano mzuri. Usiku mmoja, nyumba moja, mfalme Sauli aliyewafukuza wapiga ramli wote nchini anakuja kwa siri kutaka apandishiwe mzimu wa Samweli. Mzimu unampa habari ya kifo chake. Halafu yule mwanamke, ambaye angeweza kunyongwa kwa kazi yake, anachinja ndama aliyenona na kumwokea mkate mfalme asiyeweza kusimama kwa hofu. Kwa nini amlishe? Aya hazisemi. Hapo una hadithi ya maneno 4,000 bila jasho.

Kisa cha watu wa pangoni, Ashabul Kahf, sura ya 18 ya Qur'an, kina mapengo mawili tayari. Idadi yao imeachwa wazi: watatu na mbwa wa nne, watano na mbwa wa sita, au saba na mbwa wa nane. Pili, wanapoamka wanamtuma mmoja sokoni na sarafu ya fedha akanunue chakula, wasijue kwamba imepita miaka 300 na 9 zaidi. Mweke mtu huyo Kiborloni, pale Moshi, asubuhi ya soko, ananyoosha hela ambayo muuza maharage hajapata kuiona. Msuko wa hadithi unajisuka.

Gharika, Kutoka Misri na Mnara wa Babeli viache kwa kitabu cha tatu. Ni vikubwa, vimetumika mno, na kila msomaji ana picha yake kichwani ambayo utapigana nayo. Mtume Muhammad (s.a.w.) usimfanye mhusika, hata kwa jina la kificho, kwa Waislamu walio wengi hilo halina mjadala, na hakuna faida ya kisanaa inayofidia. Yesu naye ni mgumu kwa sababu nyingine: Wakristo wanamwamini kuwa Mungu, na mhusika asiyeweza kukosea hana msuko. Wachukue walio pembeni yake. Yule kijana mwenye mikate mitano alirudi nyumbani na nini cha kumwambia mama yake?

Jambo moja zaidi kuhusu uchaguzi. Kuna waandishi wanaoishika Biblia na Qur'an kwa mikono miwili, lakini wakifika kwa Ruwa, Mungu wa Wachagga, au Engai, Mungu wa Wamaasai, wanajichotea kama mtu anayechota mchanga mtoni. Volkano ya Ol Doinyo Lengai bado ni mahali pa kusali kwa Wamaasai. Ukitumia visa vya kwao, fuata hatua zilezile za hapa chini, pamoja na ile ya kuwapa wenyewe wasome.

Daftari kabla ya hadithi

Nunua daftari la kaunta la kwaya mbili. Kurasa za kushoto andika kilichosemwa, aya kwa aya, kwa maneno yako. Kulia andika kisichosemwa: hali ya hewa, chakula, nani alikuwa amesimama pembeni, nani alilipa. Soma kisa mara tatu, na katika tafsiri mbili. Kwa Biblia, ile ya Union ya mwaka 1952 pamoja na Habari Njema; kwa Qur'an, ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy pamoja na nyingine utakayoipata msikitini. Kama kisa kiko katika vitabu vyote viwili, soma vyote viwili, hata kama unaandikia watu wa dini moja. Tofauti zao ndiyo hazina.

Tumchukue Yona, ambaye tutakwenda naye hadi mwisho. Kitabu chake kina aya 48. Samaki anatajwa katika aya 3 tu. Watu wakisikia Yona wanawaza samaki, na rasimu zao huwa na kurasa kumi za tumbo la samaki, giza, utumbo na harufu. Ila ukiandika daftari utaona uzito uko sura ya 4: Ninawi imetubu, Mungu amesamehe, na Yona amekasirika hadi anaomba kufa. Utaona pia kitu kidogo katika 1:3, kwamba alipokimbia alilipa nauli. Mtu anayemkimbia Mungu kwa hela yake mwenyewe!

Sasa fungua Qur'an. Katika sura ya 21, aya ya 87, Yunus anaondoka akiwa ameghadhibika. Hasira iko mwanzoni. Katika Biblia hasira inayosimuliwa iko mwishoni, baada ya msamaha. Hilo si jambo la kupatanisha, ni la kuchagua. Ukiweka hasira mwanzoni utapata hadithi ya mtu anayejifunza gizani na kurudi akiwa amelainika. Ukiiweka mwishoni utapata hadithi ya mtu aliyetii kwa miguu huku moyo ukikataa. Kuchanganya zote mbili ndiko kunakoleta mhusika anayenuna toka mwanzo hadi mwisho, na huyo hakuna anayemvumilia.

Ukishamaliza kurasa za kushoto na kulia, andika fundo la kisa kwa sentensi moja isiyo na jina la nabii, la Mungu wala la mahali. La Yona: *mtu anatumwa kuwaonya waliomuumiza, na anachoogopa ni kwamba watasikia.* Kama sentensi yako ina neno samaki, rudia. Fundo ndilo usiloruhusiwa kulibadili. Mengine yote, bahari, mji, jinsia, karne, ni nguo.

Neno la nguvu

Hapa ndipo wanaoandika kwa Kiswahili hujikwaa, maana lugha yetu haina neno moja la nguvu lisilo na upande. Uchawi kwa msomaji wa kawaida ni madhara: mtu karogwa, mtoto anaugua, ng'ombe wanakufa. Uganga ni kutibu na kukinga, ila nao una kivuli. Mazingaombwe ni mchezo wa kulipia kiingilio, kiini macho ni kuzuga. Muujiza ni tendo la Mungu. Waislamu hutenganisha muujiza wa mtume na karama ya walii, na uchawi huuita sihiri. Wakristo wa makanisa ya kiroho wanaposema karama wanamaanisha vipawa vya Roho. Kwa hiyo ukiweka *karama* kinywani mwa mhusika wako, msomaji wa msikitini na msomaji wa kanisani watasikia mambo mawili, na hakuna kati yao atakayesikia lako.

Njia iliyo salama ni kutunga neno kutokana na kazi. Mwenye nguvu anafanya nini? Anaita maji? Basi ni *mwita-maji*, na tendo lake ni *mwito*. Anasuka vivuli? *Msuka-vivuli.* Neno la kazi halina dini, na linakulazimisha useme nguvu inafanya nini hasa. Neno *uchawi* lenyewe libaki, lakini kama tusi ambalo wahusika wako wanatupiana. Hapo linakuwa na makali.

Maandiko yenyewe yana mifumo ya nguvu iliyopangwa vizuri kuliko mingi ya kubuni. Katika Kutoka 7, fimbo za waganga wa Farao zinakuwa nyoka kweli, kisha fimbo ya Haruni inazimeza. Katika Qur'an wachawi hao walizuga macho ya watu, kamba na fimbo zao zikaonekana kana kwamba zinakwenda. Ni mifumo miwili tofauti: wa kwanza nguvu mbili halisi, moja kubwa kuliko nyingine, wa pili nguvu moja halisi na uzushi mmoja. Chagua mmoja kabla hujaandika pambano lolote. Na katika sura ya 2, aya ya 102, kuna Haruti na Maruti kule Babeli, ambao hawakumfundisha mtu mpaka wamwambie kwamba wao ni mtihani tu, asikufuru. Shule ya uchawi yenye onyo mlangoni! Ajabu hakuna anayeitumia.

Tahadhari moja haina mbadala. Nchini kwetu vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, hasa Kanda ya Ziwa, mara nyingi kwa sababu ya macho mekundu yanayoletwa na moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Katika ulimwengu wako, ubaya usitambulike kwa umbo la mwili, uzee, jicho wala rangi ya ngozi, na kiungo cha mtu kisiwe na nguvu yoyote, hata kwa upande wa wabaya. Mwandishi wa mbali anaweza kuchezea mambo hayo kama mapambo. Msomaji wako anaweza kuwa na jirani aliyezikwa kwa sababu yake.

Bei, kwa hesabu

Bei nzuri ina sifa tatu. Inahesabika. Inagusa kitu ambacho mhusika huyu hasa anakipenda. Na haiwezi kulipwa na mtu baki aliyekamatwa njiani. Uchovu si bei. Kila mtu huchoka na kesho akaamka. Damu imezoeleka, tena inakurudisha kwenye makafara tuliyokwisha kuyakwepa.

Yona wetu atakuwa mwanamke, jina lake Mkunde, wa ukoo wa wapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwenye vihamba vya juu, mashamba ya nyumbani ya Wachagga. Ni mwita-maji: akiyasemesha maji ya mfongo yanamfuata. Mifongo ni ile mifereji ya Wachagga inayoshusha maji kutoka msituni hadi mashambani, yenye zamu na wazee wa kuisimamia, kwa hiyo tayari una sheria, wivu na ugomvi wa mipaka bila kubuni hata kimoja. Bei ni ladha. Kila debe moja la maji, lita 20, linamchukulia siku moja ya kuonja. Mpika mbege asiyeonja hajui ulezi umekolea wala togwa ya ndizi imechacha kiasi gani. Tumemgusa penyewe.

Sasa tengeneza daftari la deni kama la duka la Mangi: tarehe, madebe, siku anazodaiwa, siku alizokwisha kulipa. Debe 5 za kuzima moto, siku 5. Debe 300 za kuokoa shamba la mama, karibu miezi kumi. Bila daftari hilo, bei husahaulika ifikapo sura ya tatu. Ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na msomaji huliona mapema kuliko mwandishi. Mkunde akilamba asali na kutabasamu siku ambayo bado anadaiwa miezi minane, umeua kitabu.

Kisha panga deni kubwa. Mji wa tambarare, ambao watu wake walichoma vihamba vya ukoo wake, utakaukiwa baada ya siku 40 wasipoacha udhalimu. Mkunde anatumwa kuwaambia. Anakimbia, anarudishwa, anawaambia kwa sauti ndogo akitumaini hawatasikia. Wanasikia. Na maji yanayowarudia, madebe 9,000, yanapita kwenye mwito wake: siku 9,000, karibu miaka 25 bila ladha. Msamaha wa maadui zake umelipwa na ulimi wake. Hasira ya sura ya 4 sasa ina risiti.

Zaidi ya bei, weka kanuni zisizozidi tatu, kila moja iandikike kwa mstari mmoja. Maji hupanda mlima kwa mwito, lakini hayatoki pasipo na maji. Mwito hausikiki zaidi ya umbali wa sauti ya mtu. Deni haligawanyiki. Ukijikuta unahitaji ya nne ili kumwokoa mhusika, tatizo liko kwenye msuko.

Mungu yuko wapi?

Lazima ujibu kabla ya ukurasa wa kwanza, hata kama msomaji hataambiwa. Kuna njia tatu zinazofanya kazi. Anaweza kunyamaza kabisa na kuonekana katika jinsi mambo yanavyoangukia. Kitabu cha Esta hakimtaji Mungu hata mara moja, na hakuna anayesema hayumo. Anaweza kuwa na jina la ulimwengu ule na watu wakamwabudu, wakabishana juu yake, bila yeye kusema neno. Au anaweza kuwa ndiye sheria yenyewe: bei ile ya ladha nani aliiweka?

Isiyofanya kazi ni kumfanya mhusika mwenye mdomo, anayekuja kubishana na Mkunde chini ya mti. Akishinda hoja, ni mahubiri. Akishindwa, umeandika kashfa bila kukusudia. Akitoka sare, ni mzee wa ukoo tu mwenye nguvu nyingi, na fundo limelegea. Kwa Mkunde tunachagua kunyamaza: mwito wake wa kutumwa unakuja kama mfongo uliosimama. Maji yamesimama kwenye mfereji, hayarudi, hayaendi, mpaka ageuke kuelekea tambarare.

Angalia majina pia. Huku kwetu Mungu amekwisha kuingia kwenye majina ya watu: Elibariki, Elirehema, Aikaruwa. Ukiwaita hivyo watu wa ulimwengu ambao Mungu hajulikani, umeshamtaja. Si vibaya, ila iwe kwa kujua.

Mlima si pazia la nyuma

Moshi mjini ni kama mita 850 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Kibo, juu ya Kilimanjaro, ni 5,895. Katikati kuna vihamba vya migomba na kahawa hadi kama mita 1,800, msitu wa mvua, vichaka vya baridi, jangwa la mawe, barafu. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000. Mhusika hawezi kutoka sokoni asubuhi akafika kwenye barafu jioni. Njia ya Marangu huchukua siku 5 au 6 kwenda na kurudi, na anayekimbilia juu hupigwa na kichwa, kichefuchefu na mapafu kujaa maji. Tumia hayo. Mkimbizi anayepanda ana adui wa bure.

Maajabu yaliyopo yakitosha, usibuni mengine. Lava ya Lengai hutoka nyeusi, nyepesi kama oili, ikiwa na joto la nyuzi 500 na ushee tu, nusu ya lava ya kawaida, kisha baada ya siku chache hewani inageuka nyeupe. Mtu akisoma hilo atadhani umelitunga. Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro, wenyewe wana kisa chao, kwamba Mawenzi alikwenda kuomba moto mara nyingi mno mpaka Kibo akampiga kwa mchi, ndiyo maana kilele chake kimekatika-katika. Na jani la isale, linalopelekwa kwa uliyemkosea kuomba radhi, linaweza kufanya peke yake kazi ambayo wengine huipa ukurasa mzima wa majadiliano. Watu wa tambarare wanapotubu, hawavai magunia kama Ninawi. Wanapanda mlima, kila mmoja na isale mkononi.

Samaki je? Hatuna bahari. Lakini Wachagga walichimba mapango ya kujifichia enzi za vita, na mengine yanaonekana hadi leo Marangu. Mkunde anajificha humo, na pango linajifunga kwa siku tatu. Mlima umemmeza. Maneno 600, yasizidi.

Mtango uliomea usiku mmoja kumpa Yona kivuli unakuwa mgomba, ambao kwa kawaida huchukua mwaka au zaidi mpaka ukate mkungu. Yule mdudu aliyeula ni fukusi: kiwavi wake hutoboa tunguu chini ya ardhi, juu majani yanaonekana mazima, kisha upepo ukija mgomba unalala. Biblia ina upepo wa mashariki baada ya mdudu. Mkulima wa Kibosho atakuamini papo hapo.

Mgawo wa maneno

Kwa hadithi ya maneno 5,000, gawa hivi: kutumwa 600, kukimbia 1,000, pango 600, mji na toba 1,200, hasira 1,600. Hasira inazidi vyote kwa sababu ndiko fundo liliko. Andika sehemu ya mwisho kwanza. Ukianza na kutumwa utatumia wino wote kueleza ulimwengu. Maneno 400 kwa siku ni rasimu ndani ya wiki mbili. Iache siku kumi kabani kabla ya kuigusa tena.

Lugha

*Ikawa katika siku zile* inapendeza mara moja. Mara ya tatu msomaji yuko kwenye ibada. Lahaja ya maandiko iwe ya mhusika mmoja tu, labda mzee wa mfongo, wengine waseme Kiswahili cha sokoni. Usitunge aya na kuiweka kinywani mwa nabii halisi, na usinakili tafsiri ya Biblia au Qur'an kwa kirefu. Kisa hakina mwenyewe, tafsiri inaye.

Maneno ya mwito yaandike kwa mizani ya utenzi, mishororo minne yenye mizani 8, yaani silabi 8, kila mmoja, mitatu ya kwanza ikilingana kina. Washairi wa pwani walisimulia visa vya mitume kwa mtindo huo wa ushairi kwa karne nyingi, na sikio la Mswahili linaijua hata kama mwenyewe hajui kwamba anaijua:

*Maji ya juu shukeni,*
*njooni mferejini,*
*deni li langu kinywani,*
*twaeni ladha ya ndizi.*

Hesabu kwa vidole. *M* ya *mferejini* ni mizani kamili. Mshororo ukipungua mizani moja, kwenye hadithi mwito ushindwe. Wasomaji wa umri wa shule hupenda sana kugundua hilo wenyewe.

Kabla ya kuitoa

Toa nakala nne. Moja kwa muumini wa dini yenye kisa hicho, moja kwa wa dini nyingine, moja kwa kijana wa sekondari, moja kwa mzee anayejua mila za mahali ulipopaweka. Usiwaulize kama wameipenda. Watakwambia ndiyo, ni watu wa adabu. Waulize: uligundua ni kisa gani ulipofika wapi? Ni wapi uliona mwandishi anakuhubiria? Nani alilipa, na ilitosha? Kuna neno ambalo ungeona haya kulisoma mbele ya mama yako? Kama wote wanne wamegundua kisa kwenye ukurasa wa kwanza, nguo ni nyepesi. Kama hakuna aliyegundua mpaka mwisho, fundo limekuponyoka.

Kwa shehe au mchungaji usipeleke rasimu nzima ukaomba baraka. Peleka swali moja lenye jibu: je, kumwonyesha mjumbe akimkasirikia Mungu kunavuka mpaka kwenu? Mtajadiliana nusu saa na utatoka na sura mpya. Na ujue kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 129, inahusu maneno au maandishi yanayotolewa kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu. Kusudi ndilo neno zito hapo. Adui katika hadithi asiwe dini ya jirani iliyopewa jina jingine. Hata ukijificha vipi, vazi la ibada, siku ya sala na aina ya chakula vitakusema.

Mstari wa mwisho

Kitabu cha Yona kinaisha kwa swali: je, Mungu asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi? Hakuna jibu, na Yona hasemi kitu. Karibu kila mwandishi hushindwa kuvumilia kimya hicho. Anaongeza ukurasa ambao mjumbe analia, anakubali, anarudi nyumbani akiwa mtu mpya. Ufute.

Kwa Mkunde, mwanamke wa mji wa tambarare amejifunza kupika mbege kwa maji yaliyorudi. Ni mara yake ya kwanza, hana uhakika nayo. Anamletea mgeni kata iliyojaa, anaishika kwa mikono miwili, anamwangalia usoni na kumuuliza kama imekolea. Mkunde anapokea, anakunywa. Kata hapo.